Visa vya Mitume havitaki haraka

Siku hizi kisa cha Nabii Yusufu kinatoshea kwenye video ya dakika moja. Sauti ya ustadhi, kaswida kwa mbali, picha ya kasri, kijana anakimbilia mlangoni na mwanamke yuko nyuma yake, halafu maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu: vijana, jiepusheni na zinaa. Video inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp usiku wa kuamkia Ijumaa, watu wanajibu "Mashaallah", na kila mmoja anaendelea na shughuli zake akiamini kwamba Sura Yusuf ameimaliza.

Nasaha yenyewe haina kasoro. Tatizo liko kwenye hesabu. Sura ile ina aya 111, na mkasa wa mke wa Mheshimiwa, tangu milango inapofungwa hadi dua ya Yusufu ya kuomba bora jela inapojibiwa, unachukua aya 12 tu. Hizo 99 zilizobaki zinasema nini?

Zimo habari za ndugu wanaomwonea wivu mdogo wao, za msafara unaomwokota kisimani na kumuuza kwa dirhamu chache za kuhesabika, za jela, za ndoto ya mfalme, za njaa na akiba ya nafaka, za mzee aliyelia hadi macho yakawa meupe, na za msamaha. Hapo kwenye kuuzwa tu pangetosha darsa zima. Sisi ni watu wa pwani ambayo soko lake kubwa la watumwa, lile la Zanzibar, lilifungwa mwaka 1873, na hadi leo zipo koo zisizopenda kuulizwa babu alitokea wapi. Nabii mzima aliuzwa kama mzigo wa biashara, na katika mawaidha mengi niliyoyasikia aya hiyo inapitwa kama kituo kisicho na abiria.

Ninachodai ni hiki: visa vya Mitume vinatufaa pale tunapokubali kukaa navyo, kuvisikiliza mwanzo hadi mwisho, na kuuliza maswali ambayo majibu yake hatukutoka nayo nyumbani. Anayekimbilia funzo huondoka na lilelile alilokuwa nalo kabla hajafungua msahafu. Kwamba zinaa ni haramu tulikuwa tunajua. Sura Yusuf ilikuwa na mengine ya kutuambia.

Chukua kanzu. Katika sura ile kanzu ya Yusufu inatokea kwenye matukio matatu. Kwanza ndugu zake wanampelekea baba kanzu yenye damu ya uongo. Wafasiri wa zamani wanamwonyesha mzee Yaakubu akiigeuzageuza mikononi: damu ipo, lakini nguo haikuchanika popote. Mbwa mwitu gani huyu mstaarabu, anayemla mtoto bila kumchania nguo? Na huyo mbwa mwitu ni nani aliyemtaja kwanza? Ni baba mwenyewe. Kabla hawajaondoka aliwaambia anaogopa mtoto asije akaliwa na mbwa mwitu wakiwa wameghafilika, nao jioni wakamrudishia hofu yake kama taarifa. Mzazi yeyote aliyewahi kumwuliza mtoto "umeanguka, siyo?" na kujibiwa "ndiyo, nimeanguka" ataelewa kilichotokea pale.

Mara ya pili kanzu inakuwa kielelezo cha kesi. Mtu wa ukoo wa yule mwanamke anatoa kipimo: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanwa nyuma, mkweli ni kijana. Hakuna anayeulizwa nasaba wala cheo, inaangaliwa nguo. Mara ya tatu, miaka mingi baadaye, Yusufu anatuma kanzu ikatupwe usoni pa baba yake na macho ya mzee yanarudi. Siyo lazima ziwe nguo moja, na Qur'ani haisemi hivyo. Lakini ukishaziona zote tatu, huwezi tena kusema sura ile ni ya kijana mzuri na mwanamke mmoja.

Halafu kuna jela. Mfalme ameota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, hapati wa kumfasiria, na yule mfungwa wa zamani aliyeombwa amtaje Yusufu kwa bwana wake, akasahau, ndiyo kwanza anakumbuka. Ndoto inafasiriwa. Mfalme anaagiza mfungwa aletwe. Mtu aliyesota miaka gerezani bila hatia tungemtegemea akimbie. Yusufu anamrudisha mjumbe: kwanza ikaulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Sisi tuliozoea msamaha wa Rais katika sikukuu za kitaifa tunaijua vizuri tofauti kati ya kuachiwa na kusafishwa jina, na Yusufu alitaka la pili. Wanawake wanaitwa, wanahojiwa, na mke wa Mheshimiwa anakiri kwa kinywa chake. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, Mtume wetu (s.a.w.), kwa unyenyekevu wake, alisema kwamba lau angekaa jela muda aliokaa Yusufu angemwitikia aliyekuja kumwita.

Ndugu zetu Wakristo wanakisoma kisa hiki katika kitabu cha Mwanzo kuanzia sura ya 37. Huko Yusufu akiitwa ananyolewa, anabadilishwa mavazi na kupelekwa moja kwa moja mbele ya Farao. Jirani mmoja akisoma hivi na mwingine vile, wana mazungumzo ya jioni nzima, na ninathubutu kusema yatakuwa na faida kuliko ile mihadhara ya kushindana viwanjani ambayo watu hutoka wamekasirika na hakuna aliyesoma kitabu cha mwenzake.

Akishatoka, Yusufu anafanya jambo lililowashughulisha wanazuoni kwa karne nyingi: anaomba cheo. Anamwambia mfalme amkabidhi maghala ya nchi, kwa kuwa yeye ni mtunzaji na anaijua kazi. Sasa, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi. Ipi ifuatwe? Al-Qurtubi, mfasiri mzaliwa wa Cordoba aliyefariki Misri mwaka 1273, anakaa na swali hili kwa kirefu. Anaona mtu anaweza kuomba kama anajijua ataisimamia haki na hakuna mwingine wa kushika nafasi ile. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi wetu tungelipita: Yusufu alijinadi kwa utunzaji na ujuzi, hakutaja ukoo wake mtukufu wala uzuri wake. Palepale wafasiri wanaibua swali jingine, kama inafaa kumtumikia mtawala asiyekuwa wa dini yako. Wapo waliosema inafaa maadamu unaachiwa ufanye haki, na wapo waliosema ruhusa ile ilikuwa ya Yusufu peke yake. Wanaochukua fomu za udiwani na ubunge wakisindikizwa na matarumbeta wangekaa kwenye darsa hiyo angalau mara moja. Wasifu wa Yusufu una mambo mawili tu.

Kuhusu akiba yenyewe nitasema kidogo. Ushauri wa Yusufu ulikuwa nafaka iachwe katika masuke yake, isipokuwa ile ya kula. Mkulima wa bara anayetundika mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jiko hahitaji kufafanuliwa.

Wapo wanaosema visa ni vya watoto, watu wazima wasome fiqhi. Wamesahau Habasha. Karibu mwaka 615 Waislamu wa mwanzo walivuka Bahari ya Shamu wakikimbia mateso ya Makka, na baadaye Makureshi wakatuma watu wawili, mmoja wao Amr bin al-As, wakiwa na zawadi za ngozi kwa ajili ya Najashi na makasisi wake, ili wakimbizi warudishwe. Bi Ummu Salama alikuwepo, ndiye aliyesimulia, na Ibn Ishaq akayahifadhi masimulizi yake. Jaafar bin Abi Talib alieleza walivyokuwa kabla ya Uislamu na walivyofundishwa na Mtume wao. Najashi akataka asomewe kitu katika hayo aliyokuja nayo. Jaafar angeweza kusoma aya za adhabu, au hoja dhidi ya masanamu. Akasoma mwanzo wa Sura Maryam: mzee Zakariya anayeomba mtoto kwa sauti ya chini, binti aliyejitenga na watu wake, uchungu wa kuzaa kwenye shina la mtende. Mfalme yule Mkristo alilia hadi ndevu zikalowa, na wale wajumbe wakarudishiwa zawadi zao. Uchaguzi ule ni wa mtu aliyevisoma visa hadi akajua kipi kitamfikia nani. Maisha ya watu yalikuwa yanategemea uchaguzi huo.

Kisa cha Yusufu kimesimuliwa chote mahali pamoja. Cha Musa, Mtume anayetajwa kwa jina kuliko wote katika Qur'ani, kimetawanywa. Dada anayekifuata kwa mbali kichanga kilichotiwa mtoni utamkuta Sura al-Qasas. Mazungumzo kuhusu fimbo, pale penye moto, utayakuta Sura Taha. Safari yake na yule mja mwema iko al-Kahf. Wa kuviunganisha ni msomaji, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu anayesoma kwa kudokoa.

Hapo al-Kahf ndipo ninapopenda kuonyesha kwamba kisa kina matabaka. Qur'ani inasema Musa alimkuta mja miongoni mwa waja wa Mwenyezi Mungu, jina haitoi. Jina la Khidhri limo katika hadithi ya Bukhari. Kwamba alikunywa maji ya uzima, hilo ni la wasimulizi. Mtu aliyesoma anaweza kuyasikiliza yote matatu bila kuyachanganya, na huo ni ujuzi mkubwa kuliko unavyoonekana, hasa zama hizi ambapo habari ya kweli, ya nusu kweli na ya kutunga zinaingia kwenye simu moja kwa mlio uleule. Hadithi hiyohiyo ina jambo jingine ambalo sijachoka kulifikiria: Mtume (s.a.w.) alitamani lau Musa angevumilia zaidi, ili tusimuliwe mengi zaidi ya wawili wale. Yeye alitaka kisa kirefuke. Sisi tunakikatakata.

Katika sura hiyohiyo, ambayo wengi tunaisoma kila Ijumaa, wapo vijana wa pangoni. Qur'ani inataja kauli za watu juu ya idadi yao, watatu na mbwa wao, watano na mbwa wao, saba na mbwa wao, kisha inalirudisha jambo kwa Mola na kukataza kubishana juu yake ila kwa yaliyo dhahiri. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, alitaja kabisa mifano ya mambo yasiyo na faida kuyatafuta: rangi ya mbwa yule, mti uliochongwa fimbo ya Musa, aina ya ndege wa Ibrahimu. Miaka mia saba baadaye nimekaa kwenye baraza ya kahawa, baada ya Isha, watu wazima wakipandishiana sauti juu ya jina la mbwa. Wakati wote huo hakuna aliyemtaja yule kijana aliyetumwa mjini na fedha mkononi, atafute chakula kilicho safi, awe mpole, asijulikane, kwa sababu wakikamatwa watapigwa mawe au watarudishwa kwenye dini waliyoikimbia. Hajui kwamba amelala karne tatu na fedha ile imemsaliti kabla hajafungua mdomo. Hapo ndipo kisa kilipo, na sisi tulikuwa tunabishania mbwa.

Tusijidanganye kwamba wasimulizi wa kutia chumvi ni ugonjwa wa enzi za simu. Vitabu vya zamani vinasimulia kwamba Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main walisali katika msikiti wa Rusafa, Baghdad, akasimama msimulizi akatoa hadithi ndefu ya maajabu na kudai ameipokea kutoka kwa Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main. Wawili wale wakatazamana. Walipomkabili, akawacheka: mnadhani duniani hakuna Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main wengine? Yeye ameandika kutoka kwa Ahmad bin Hanbal kumi na saba. Ni kisa kitamu, na kinatumika sana kuwaonya watu. Lakini al-Dhahabi, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1348, alipomfikia mpokezi wake mmoja alisema hamjui ni nani, na akakitilia shaka chenyewe. Yaani hata kisa kinachotuonya juu ya visa vya uongo kimepimwa na kukutwa na walakini. Mimi nakipenda zaidi kwa sababu hiyo. Kinaonyesha watu ambao hawakuona haya kuupima hata utamu uliowaunga mkono. Naye Ibn al-Jawzi, aliyefariki Baghdad mwaka 1201, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi, akawakosoa waongo wao, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mhubiri aliyekusanya umati. Hakutaka mlango ufungwe. Alitaka anayesimama kusimulia awe amesoma.

Pwani yetu nayo ina sura yake katika habari hii. Subira ya Nabii Ayubu imesimuliwa katika aya sita hivi, mbili Sura al-Anbiyaa na nne Sura Saad. Malenga wetu wakaitungia utenzi wa mamia ya beti, wakaujaza mke, majirani, kilio na njaa, ukasomwa kwa sauti usiku mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani aliandika Utenzi wa Tambuka, zaidi ya beti elfu moja za vita kati ya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi. Safari ya Tabuk ya mwaka 630 ilikuwepo kweli, lakini jeshi lilirudi Madina bila pambano kubwa na Warumi. Vita vile ni vya utenzi. Je, tumlaumu Bwana Mwengo? Hata kidogo. Alikuwa anatunga fasihi, na ni katika kazi kubwa za awali tulizonazo katika lugha hii. Ninachosikitikia ni kwamba tumeacha vyote viwili. Utenzi hausomwi tena barazani, umebaki kwa wanafunzi wa shahada. Na kisa cha Qur'ani hakifundishwi kwa kina, kimebaki mfano wa kupambia hotuba.

Nenda chuoni kwa watoto. Wanahifadhi majina ya Mitume 25 waliotajwa katika Qur'ani, wanayaimba vizuri kwa mpangilio, na mgeni akija wanasimamishwa wayaimbe. Uliza sasa: Nabii Shuaibu aliwakataza nini watu wa Madyan? Kimya. Alipambana na wafanyabiashara waliopunja vipimo na mizani. Mtoto huyohuyo akitoka chuoni anapita sokoni na kuona gunia la viazi limefungwa lumbesa, limevimba juu kama nundu, mkulima analipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Hakuna aliyemwambia kwamba Mtume mmoja katika wale aliowaimba asubuhi aliitwa mpole na mwongofu, kwa kejeli, kwa sababu ya jambo la namna hii. Watu wake walimwuliza kama sala zake ndizo zinazomwamuru wao wasiifanyie mali yao watakavyo. Swali hilo bado linaulizwa sokoni, kwa maneno mengine.

Maalimu wengi wataniambia muda hautoshi, mtoto anakuja saa moja na nusu baada ya shule, amechoka, na wazazi wanataka kusikia amehitimu juzuu. Nawaelewa, na walipwavyo ni aibu yetu sote. Lakini nyenzo si haba. Tangu mwaka 1969 tuna tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, pamoja na maelezo yake. Na Ramadhani tunakaa misikitini baina ya Alasiri na Magharibi mwezi mzima. Imamu akithubutu kuacha mbio na kuchukua Sura Yusuf peke yake, aya nne kwa siku, ataimaliza kabla mwezi haujaandama, na kila siku atabaki na nafasi ya maswali.

La kwanza nitalileta mimi. Yusufu alikuwa na mamlaka juu ya maghala ya Misri, misafara ilikuwa inakwenda na kurudi Kanaani, na mzee wake alikuwa analia hadi kupofuka. Kwa nini hakumpelekea hata salamu? Wafasiri wamelijadili: wapo wanaosema alizuiwa kwa wahyi, ili mtihani wa Yaakubu ukamilike. Jibu hilo nalipokea kwa heshima. Lakini nikirudi kwenye kisa chenyewe naona pia kwamba alipotenganishwa na nyumbani kwao, waliokuwa wamesimama juu ya kisima ni kaka zake, na hakuwa na namna ya kujua salamu hizo zingepokewa mlangoni na baba au na wao. Ndiyo maana, naona, alingoja hadi aliposikia habari za baba na za mdogo wake kwa masikio yake. Anayeona vinginevyo alete aya yake.